Alama za Vidole Ndani ya Ilungu

Mama yangu si mtu wa kutishika. Amewahi kumfukuza ngiri shambani kwa mwiko wa ugali, na mgambo wa kijiji wakimwona kakunja uso humpisha njia. Lakini tangu nipate akili nilimwona akilikwepa ilungu letu kama mtu anayekwepa deni.

Ilungu ni tanuru refu la udongo ambalo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Letu limesimama katikati ya shamba la mama, nje kidogo ya Namanyere. Limepita nyumba kwa urefu, juu liko wazi, na chini lina mlango ambao mtu mzima anaupita kwa kutambaa. Nani alilijenga, hakuna anayejua. Matuta ya mama, yale ya duara tunayofukia majani ndani yake ili yaoze yawe mbolea, yaliishia mbali nalo, na nyasi za pale hazikuguswa na jembe. Utotoni nilichapwa kwa kufuata mpira humo. Mwanamke hasogelei ilungu, niliambiwa, basi. Mimi ni mbishi wa kuzaliwa, lakini kwa fimbo ile sikubisha.

Siku hizi naishi Sumbawanga, nauza vitenge mtaa wa Majengo. Mwaka juzi mama alinipigia simu. "Kuna binti katoka Dar, anataka kulichunguza ilungu. Njoo." Sauti yake ilikuwa ndogo, na mama hana sauti ndogo. Nilifunga duka nikapanda basi.

Binti mwenyewe alikuwa mtafiti wa mambo ya kale. Nilimkuta amevaa sweta mbili na kujifunika blanketi la mama, anatetemeka kwa baridi yetu ya mwezi wa saba. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, maana wageni wa namna hiyo hupiga picha wakaondoka. Ila aliniamkia vizuri, akatandaza mkekani vitu alivyookota: makombe ya konokono wa majini aliyoyakuta mbali sana na Ziwa Rukwa, juu ya mteremko mkavu, na mfupa wa samaki uliogeuka jiwe. "Maji yaliwahi kufika huko, dada," alisema. Kisha akatoa vipande vya mkaa kutoka kwenye malungu mengine. Akanipa kioo cha kukuzia, nikaona vitundu vidogo vimepangika ndani ya mkaa. Kwa vitundu hivyo, alisema, unaweza kuujua mti wenyewe.

Nilitoka nje. Mbele yangu kulikuwa na nyasi tupu mpaka macho yanapoishia, upepo unapita bila kukuta cha kuuzuia. Kumbe hapa palikuwa na miti mingi, na sehemu yake iliingia motoni ikatoa majembe. Nimezaliwa juu ya ardhi hii na sikuwahi hata kuiuliza ilikuwa nini kabla yangu.

Niliporudi ndani, mama alikuwa hajagusa kitu pale mkekani. Alikuwa anamtazama mgeni.

"Humo ndani utaingia?"

"Ukiniruhusu, mama."

"Una mtoto?"

"Bado."

"Basi usiingie." Akavuta kanga yake. "Mimi niliingia."

Ndipo alipotueleza. Alikuwa bibi harusi mpya, mvua ya mawe ikamkuta shambani, akatambaa ndani ya ilungu kujificha. Mama mkwe wake alimwona akitoka. Baadaye alizaa, mtoto akafa kabla ya kutambaa. Akazaa tena, naye akafa. Kila msiba mkwe alimkumbusha ilungu, mpaka mama akaacha kungoja kukumbushwa. "Niliogopa mvua, nikawaua wanangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mahindi.

Siku zote nilijua kwamba mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, tena wa pekee. Sikujua kitu. Nilitamani bibi yangu afufuke dakika chache tu, tugombane.

Mtafiti hakumwambia mama kwamba ni imani potofu. Angemwambia, ningemfukuza. Alisema tu, "Pole sana, mama," na asubuhi akaomba achungulie mlangoni, mwili ukiwa nje. Aliingiza kichwa na tochi, akakaa hivyo mpaka nikadhani amekwama. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, naomba uje uone. Huingii. Unatazama tu."

Mama alisimama kwenye ukingo wa nyasi muda mrefu. Kisha akavuka. Tulipiga magoti pamoja, vichwa vyetu vimebanana mlangoni, na tochi ikapita ukutani. Udongo ulikuwa umeiva mgumu kama chungu, na juu yake vidole vilikuwa vimeburuzwa, mstari kwa mstari, vile vile tunavyokandika nyumba. Niliona hata mahali gumba lilipokandamiza. Mtu aliyelijenga hakuwa hadithi tena. Alikuwa na kucha.

"Mikono midogo," mama alinong'ona. "Ya wanawake?"

"Siwezi kuapa," alisema mtafiti. "Huenda ni wanawake, huenda ni vijana. Ninachojua, udongo ulikuwa mbichi, na mwenye mkono huu alikuwa humo ndani."

Mama alimnyang'anya tochi. Aliifuata mistari ile mmoja mmoja. Ilikuwa mifupi, yote inakomea usawa wa bega.

"Huyu alikuwa na mtoto mgongoni," alisema. "Ukibeba mtoto, mkono haupandi."

"Inawezekana, mama."

Mama hakuwa anaomba ruhusa. Alijifunga kanga kiunoni, akainama, akatambaa ndani. Nilitaka kumshika mguu, mimi niliyekuja kutoka mjini na maneno yangu mengi, kwa sababu ghafla niliogopa. Nyayo zake zikapotea gizani. Tulisikia kiganja chake kikipapasa ukuta, taratibu, kutoka chini kwenda juu.

Kisha akaanza kuita. Aliita jina ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu, akaita la pili, na sauti yake ikapanda ikatokea juu ya ilungu. Majina hayo siyaandiki, ni yake. Halafu, kwa kufuata tulivyozaliwa, akaita langu.