Ua la Asumini Kwenye Kanzu ya Bwana Harusi

Kwanza nikiri mapema, nisije nikakatizwa katikati: aliyesababisha bwana harusi aingie kwa mkewe na kanzu ya kuazima, iliyomkomea katikati ya miundi, ni mimi. Sikukusudia. Nilichokusudia ni kusifiwa tu, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia.

Mimi nafanya kazi kwa Bi Riziki, Bongwe, na kama hamumjui Bi Riziki basi nawasikitikia. Mama huyu huchukua makaratasi yaliyokwisha kazi, madaftari ya shule na maboksi ya dukani, akayaloweka, akayatwanga kinuni pamoja na nyuzi za mgomba, akautandaza uji wake kwenye fremu yenye wavu, na jua likishamaliza kazi yake unapata karatasi nzito ambayo mtu akiishika hataki kuirudisha. Hiyo ndiyo anayoikunja vikasha, bahasha na kadi. Mihuri ya kupigia juu yake huichonga mwenyewe kwa kisu kidogo, na ule wa ua la asumini ndio jina lake, maana huku kwetu watu wakiliona ua lile hawaulizi nani kafanya.

Wino nao hutengeneza mwenyewe, wa magome ya mkoko. Haambui mti ulio hai; huenda Gazi akaomba ruhusa kwa wanaolinda mikoko, akaokota magome ya ile iliyoanguka, akayachemsha mpaka maji yawe mazito, rangi ya kahawia. Na hauamini wino wowote, hata wa dukani, mpaka aujaribu mara tatu: kwa maji, kwa jasho la mkono na kwa mafuta. Ana daftari lake, kila ukurasa una ua moja na maneno mawili matatu pembeni, wino huu umepita, huu haukupita. Nimekaa naye miaka miwili nikimtazama akijaribu, na bado sijachoka kumtazama.

Basi ikaja kazi ya harusi Msambweni, vikasha mia mbili vya kutilia halua, wagawiwe wanaume msikitini baada ya nikahi. Vikasha vilikuwa tayari, bado kupigwa muhuri tu, binti yake Bi Riziki akajifungua huko Kombani, naye ikambidi aende. Akaniachia muhuri wa asumini. Hakuwahi kuuachia mkono wa mtu.

"Mwanatumu, piga kwa wino wa magome," aliniambia. "Usinibadilishie."

"Usiwe na wasiwasi, Bi Riziki."

Nilipiga vikasha vitatu, nikavitazama, nikaona kahawia ile imepoa kupita kiasi kwa harusi (mimi huyu, miaka miwili ya kuosha ndoo, nikamwona Bi Riziki hajui rangi). Nyuma ya nyumba kuna mrangi, ule mti wa maganda ya manyoyamanyoya ambao watoto huzivunja mbegu zake wakajipaka midomo. Nikachuma, nikasaga, nikachanganya na gundi ya unga wa muhogo, nikapata rangi ya chungwa inayowaka. Nikaipiga, nikaidondoshea maji, haikutoka. Nikaifumbata kiganjani, haikutoka. Mafuta yalikuwa jikoni, hatua tano tu, lakini nilikuwa na haraka, nikajiambia ni nani huyo atakayekimwagia mafuta kikasha cha harusi?

Halua, ndugu zangu. Halua ni samli iliyoshikana.

Siku yenyewe mpishi akachelewa, halua ikatiwa ingali na moto, vikasha vikaenda msikitini baada ya swala ya alasiri. Mimi nilikuwa nyumbani kwa bibi harusi, uani na wanawake wenzangu, kimebaki kikasha kitupu kimoja kinapitishwa mkono kwa mkono na kila mtu anasema mashallah. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasimama.

"Wino ni wangu, nimeubuni mwenyewe," nikatangaza. "Bi Riziki hana rangi kama hii."

Haukupita muda wanaume wakafika na bwana harusi wao. Wa kwanza kuingia alikuwa babu yake, ndevu zimekuwa za chungwa upande mmoja kama aliyepaka hina akaitwa kabla hajamaliza. Nikashtuka. Nyuma yake akaingia bwana harusi, na vigelegele vikakatika vyenyewe. Kumbe kule msikitini samli ilikuwa imepenya karatasi na kuilegeza rangi yote, watu wakala kwa vidole vyao, kisha kila mmoja akainuka kumkumbatia na kumpongeza. Mgongoni alikuwa na viganja vya ukoo mzima. Kifuani, mtu aliyemkumbatia akiwa bado na kikasha mkononi alikuwa amemwachia ua la asumini zima, kila petali mahali pake, na Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba limetoka vizuri.

Nikakurupuka na kitambaa cha maji na sabuni. Nikasugua. Ua likawa sahani, sahani ikawa sinia.

"Dada," bwana harusi akaniambia kwa adabu kabisa, "tafadhali, acha tu."

Na hapo ndipo Bi Riziki alipoingia, anatoka Kombani moja kwa moja, hajui hili wala lile. Mama wa bibi harusi, Bi Salama, akamgeukia.

"Bi Riziki, hii ndiyo kazi uliyotuletea?"

Akaitazama kanzu. Akakichukua kile kikasha, akakinusa, akakisugua kwa kidole. Kisha akanitazama mimi, si kwa muda mrefu, na kitambaa changu cha chungwa mkononi. Ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema. Mimi niliyekuwa nikitangaza kama redio, nikakificha kitambaa nyuma ya mgongo.

"Muhuri ni wangu, Bi Salama," akasema. "Niwieni radhi nyote. Nipeni mafuta ya nazi na unga wa muhogo."

Watu wakatazamana, mafuta juu ya doa tena? Akaeleza taratibu kwamba rangi ya mrangi haisikii maji, husikia mafuta. Bwana harusi akavuliwa kanzu, akakaa chumbani na kikoi na fulana, kofia kichwani, mpaka alipoletewa kanzu ya baba mkwe, mtu mfupi. Bi Riziki akachuchumaa uani, anatia mafuta, ananyunyiza unga uyanywe, anakung'uta, anarudia, huku akiwasimulia wanawake habari za mjukuu aliyezaliwa, mpaka wakaanza kucheka naye. Mimi nilishika beseni. Nilimpenda sana saa ile, na nilijichukia vilevile.

"Kilichobaki jua litakimaliza," alisema, akaikunja kanzu tukaondoka nayo.

Nyumbani hakunigombeza. Alikata ua kwenye kikasha, akalibandika daftarini, akaandika: Mrangi. Maji, umepita. Mkono, umepita. Mafuta, haukupita. Kisha akanipa kalamu.

"Tia jina lako. Aliyeujaribu ni wewe."

Nikatia, machozi yananitoka. "Mbona hukuwaambia ni mimi?"

"Hilo la kusema ni lako, mwanangu. Mimi siwezi kukusemea."

Siku tatu nikaianika kanzu juani mpaka ikawa nyeupe, isipokuwa petali moja hivi, ukiitafuta. Nikaomba niirudishe mwenyewe. Nikampa Bi Salama shikamoo yake, nikamwambia nikiwa nimeinamisha kichwa kwamba wino ulikuwa wangu, Bi Riziki alinikataza, na siku ile nilinyamaza akabeba yeye.

Akanitazama, akacheka mpaka akakaa kitako.

"Mwanatumu, si ulitutangazia mwenyewe hapahapa uani? Uani pote palijua. Tulikuwa twangoja kuona ni nani atakayesema." Akaipokea kanzu. "Mwambie Bi Riziki harusi ya mdogo mtu nayo ni yake. Kwa wino wa magome."

Tangu hapo siwezi kuona wino mpya nisiutie samli, hata wa kalamu. Na kazi yetu ikisifiwa harusini nami nipo, nakula halua yangu, nanyamaza.