Bodi Tuliyonunua Kabla ya Giza

Daktari alipotuambia kwamba presha ya macho imemla kaka yangu jicho la kushoto na sasa inalifuata la kulia, kaka aliuliza swali moja tu: amebakisha muda gani. Daktari alisema tu kwamba kilichopotea hakirudi, akamwita mgonjwa mwingine.

Kaka alikuwa mchoraji wa maandishi ukutani. Kule mtaa wa Kongo, Kawangware, ukiona kinyozi, bucha au kanisa la mabati, kuna uwezekano mkubwa jina lake liliandikwa na mkono wa kaka. Mimi natengeneza simu Laini Saba, na kwa kuwa nimezoea vitu vyenye waya, familia iliamua shida hii ni yangu. Nikaamua kumtafutia kompyuta inayosoma kwa sauti, ajifunze kibodi angali anaona, ili giza likija limkute anaweza kusoma na kuandika mwenyewe.

Kompyuta ya kawaida isingewezekana. Kwenye ploti anayopanga, stima ni ya balbu, TV na kuchaji simu; keateka, msimamizi wa nyumba, akiona kompyuta au pasi anakata waya bila kubisha hodi. Basi nikaenda mjini kutafuta kompyuta ya bodi moja, ile ambayo kila kitu kimechomelewa kwenye kipande kinachotoshea kiganjani, ukiiunganisha na TV inafanya kazi.

Muuzaji alinisukumia iliyo mpya kabisa. "Chukua hii, sistangu. Iko na nguvu mbaya."

"Nguvu nitapeleka wapi?" nikamuuliza.

Ilikuwa na feni, ilitaka chaja yake kubwa, na haikuwa na tundu la spika. Ya pili ilikuwa ya bei nafuu na memori nyingi, lakini nilipoitafuta mtandaoni nikakuta waliokuwa wakiitengenezea programu waliitupa zamani. Programu huria ni za bure, sawa, lakini lazima pawe na watu mahali wanaozitunza, la sivyo umenunua jiwe. Nikachukua ya tatu, ya zamani, ya polepole, yenye tundu la spika, inayotosheka na chaja ya simu. Mpaka leo nasema nilichagua vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili hiyo niliiwasha kwa kaka. Ikamsomea sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili, naye akacheka mpaka akakohoa. "Huyu ni mzungu ako na homa!"

Nilimwambia afumbe macho, ajizoeze kutafuta vitufe kwa vidole. Hakutaka. Alikuwa amegundua programu ya kuchora herufi, nayo pia ya bure, akazima sauti. Kila nikija namkuta uso umekaribia kugusa TV, herufi moja imejaa kioo kizima, akiivuta kingo kwa mausi. Vijana wa kuprinti mabango walikuwa wamemnyang'anya kazi kwa herufi za kompyuta. Yeye alitaka za mkono wake ziingie humo pia, A hadi Z.

Nilimfokea. "Bro, hii kitu nilinunua ya ile time hutaona!"

"Najua," akasema bila kugeuka. "Saa hii bado naona. Wacha nione."

Nilitoka nje, nikasimama kando ya mtaro, nikalia kwa hasira.

Jicho la kulia halikuzimika mara moja. Lilizibwa kutoka pembeni, akawa anatazama kama kupitia mrija, kisha mrija nao ukaziba. Kibodi alikuwa hajaijua. Herufi zake zilikuwa zimefika K.

Siku niliyoenda kuiwasha tena ile sauti ya kompyuta, tuanze na vidole, alikataa kwanza. "Fungua ile K. Iko sawa?"

Nikaifungua. Mguu wa chini haukugusa nguzo. Ulianzia kando, hewani, upande ambao jicho lake lilikuwa limeshauacha. Na huyu ndiye aliyekuwa akipiga mstari mnyoofu bila rula juu ya mabati yenye mikunjo.

"Iko sawa," nikasema.

"Nionyeshe."

Nikakishika kidole chake, nikakipitisha polepole juu ya kioo: nguzo, mkono wa juu, kisha mguu, kutoka pale ulipopaswa kuanzia, si pale alipouanzisha yeye. Halafu akakitoa kidole mkononi mwangu.

"Hiyo ni yako," akasema. "Mimi nimeuliza yangu."