Aliyeitwa Mara Moja

"Mama Ezra, kila asubuhi mbio tu. Kwani nani anakufukuza?"

Theodora aliuliza hivyo kwenye foleni ya maji, na wanawake wa Genkuru wakacheka. Alikuja kutoka Singida kumfuata mumewe machimboni, na mdomo wake haujui kupumzika. Gati, Mama Ezra mwenyewe, naye alicheka.

"Sukari ndiyo inanifukuza, mwanangu."

"Basi ikikukamata, ile sufuria yako kubwa niachie mimi!"

Ndoo ilipojaa Gati alijitwisha akaondoka upesi, maana swali lilikuwa limemchoma penyewe.

Mbio alizaliwa nazo. Kwao Nyambureti shule ilikuwa mbali, na yeye na dada yake Robi walitoka nyumbani umande bado mzito, wakikimbia miguu mitupu, Gati mbele, Robi nyuma. Bibi yao alikuwa amewaonya: ukiitwa na mtu wa nyuma njiani, usigeuke mpaka aite mara ya pili. Aliye hai huita tena. Wafu huita mara moja tu.

Asubuhi moja ya ukungu Robi aliita, "Gati!"

Gati akasubiri ya pili huku anakimbia. Haikuja. Akaongeza mwendo mpaka shuleni, na moyoni akajisifu kwamba ameshika neno la bibi. Wachunga ng'ombe ndio waliomkuta Robi kwenye majani, ameumwa na nyoka, mguu umevimba. Jioni haikumkuta hai.

Mwaka uleule Gati alishinda mbio za wilaya. Walimu wakampigia makofi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alipita utepe na bado hakusimama.

Akaolewa Genkuru. Mama mkwe alimwambia mapema, "Mke wa mtu hakimbii, labda nyumba iwe inaungua." Gati alishukuru kimoyomoyo. Miaka thelathini alitembea tu: shambani, kisimani, kanisani, watoto wanne mgongoni kwa zamu. Nyuma yake palikuwa kimya. Akaamini Bwana ameiacha ile sauti ya Robi hukohuko Nyambureti.

Mumewe alipofariki, akawa mtu wa kukaa. Mwili ukaongezeka, macho yakaanza kufifia. Nesi alimpima, akatikisa kichwa. "Mama, hii sukari itakula macho, halafu ije miguuni. Vidonge peke yake havitoshi. Kila siku utoke jasho."

Gati akavaa raba za mwanawe Ezra, akaingia barabara ya vumbi. Mwili ukakumbuka! Siku ile alirudi analia kwa furaha kama msichana. Siku ya nne, kwenye mteremko, ile sauti ikasikika nyuma yake.

"Gati."

Mara moja. Na pale Genkuru hakuna anayemwita Gati. Kila mtu humwita Mama Ezra.

Aliomba. Mchungaji alimwekea mikono. Sauti ikaja vilevile, kila asubuhi, palepale mteremkoni, bila hasira. Mwisho akaziweka raba pembeni. Wiki ya tatu bila mbio alifungua Zaburi, na maandishi yakawa kama siafu wanaohama. Hakuweza kusoma hata mstari.

Jioni hiyo Theodora alipita. "Umeacha mbio, mama? Anayekufukuza amechoka?"

Gati akamweleza yote, tangu bibi mpaka mteremko. Theodora alikaa akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Na ukigeuka je?"

"Nikigeuka nisimwone, itaniuma. Nikimwona…"

"Lakini ukikaa hapa utapofuka, mama."

"Najua."

"Basi kesho nakuja. Mimi si mtu wa mbio, nitahema kama ng'ombe wa kulima, lakini nyuma yako nitakuwepo."

Gati alizichukua raba pembeni, akazikung'uta vumbi.

"Njoo," akasema. "Ila ukiwa nyuma yangu usinyamaze, mwanangu. Imba, kohoa, nitukane ukitaka. Nisikie kwamba ni wewe."