Meza Kuu ya Chama cha Mafundi Vijana

Tuliporudi Juba kutoka Uganda baada ya vita, tulileta vitu viwili: ufundi na ugonjwa wa mikutano. Maseremala na waashi, vijana tupu, tukaunda chama. Kila mtu alitaka cheo, tukagawana vyeo mpaka mwanachama wa kawaida akakosekana. Mimi nilikuwa naibu wa mweka nidhamu. Usicheke.

Kazi tuliifanyia nje, huko mtaa wa Atlabara. Mvua ikinyesha, mbao zinapinda na wateja wanatutukana. Ofisi ya mji ikatuazima karakana, tena ya matofali, ikasema mgeni rasmi atakuja kuitazama: akiridhika, ni yetu moja kwa moja. Jamani, niliitaka karakana ile kuliko mke!

Badala ya kumaliza madirisha ya watu, kamati ikaamua tutengeneze meza kuu. Mkutano gani wa maana usio na meza kuu? Na kwa kuwa viongozi ndio sisi sote, ilibidi itutoshe sote. Tuliiunganisha humo humo ndani, mahogani tupu, kwa gundi, bila msumari. Watu walitoka hata mtaa wa Buluk kuja kuishangaa.

Mgeni alifika na askari wake, akaipapasa meza, akasahau hotuba. "Hii meza iko mzuri sana. Itafaa ofisi yangu."

Mwenyekiti wetu akaruka kutoka kitini. "Mheshimiwa, hii iko yako!" Akaomba wanaokubali wainue mikono. Yote ikapanda, wangu pia, maana nani angekataa mbele ya askari wake?

Kumbe meza haipiti mlangoni! Na mgeni aliitaka nzima. Hapo waashi, waliokuwa wamenuna kwa kuwa sifa zote zimekwenda kwa maseremala, wakapata zamu yao. Wakaubomoa ukuta wa mbele kwa ustadi, tofali moja moja, huku wakiimba. Nilitamani kuwazuia, lakini nidhamu ilikuwa nzuri mno.

Wiki iliyofuata akaja karani wa ofisi ya mji. Akasimama pale palipokuwa na ukuta.

"Nani amefanya hii?"

"Chama," tukajibu kwa fahari.

"Kalas, basi. Vijana wanaobomoa nyumba hawapewi nyumba. Kesho mutoke."

Moyo ulinipasuka. Nikamgeukia mwenyekiti, nikingoja apinge, agombe, aseme lolote. Akakohoa, akamshukuru karani kwa hotuba yake nzuri, na sisi, kwa mazoea ya mikutano, tukapiga makofi.