Besi Laini ya Bendi ya Waashi

"Hakuna kinachoingia kwenye tarumbeta hili bila mimi kujua," anatamba Mzee Besi, fundi bati, huku akimimina maji ya moto kwenye mdomo wa tarumbeta kubwa kuliko yote ya bendi ya kijiji.

Ni saa mbili asubuhi, uani kwake. Mchana bendi inapiga harusini, naye ameshatangaza kwamba baada ya harusi hiyo anastaafu. Pumzi, anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekuja kumhoji, imemwishia.

Maji yanagoma kutokea upande wa pili. Anachokonoa kwa waya, anavuta. Kinatoka kitu cheusi, kinanuka mfereji mtupu. Kukikunjua: kisweta cha mtoto mchanga, vifungo vyote vimefungwa.

Binti yake, mpiga ngoma wa bendi, anasogea kukitazama.

Bendi hii ilianzishwa na waashi waliochoka kupiga mluzi kazini, wakachanga wakanunua matarumbeta chakavu. Mzee Besi alirithi hili kubwa kwa baba yake, na chini ya mashavu yake bendi ikasifika kwa besi laini, ya kubembeleza. Vijiji jirani viliiga, vikachemsha. Wenzake nao walijifunza kupuliza kwa adabu wasimfunike. Kumbe sifa zote zile ni za kisweta!

"Ni panya," anasema Mzee Besi, jasho likimtiririka.

"Baba, panya gani anafunga vifungo?"

Mkewe anatoka jikoni, anakiona, anashika kichwa.

"Mungu wangu! Bado kimo? Nilikisokomeza mimi! Wewe mwanangu ulikuwa hulali, baba yako naye na mazoezi yake. Nilidhani alikitoa kesho yake!"

Mzee Besi anakalia ndoo. Umri wote huo amepuliza sweta.

Anainuka taratibu, anajaza mashavu, anapuliza. Mabati yanatetemeka. Kuku wanaruka ukuta. Jirani anatoka mbio, povu la sabuni usoni, anauliza nyumba ya nani imeanguka.

"Sistaafu ng'o!" anafoka Mzee Besi, macho yamemtoka. "Nitapuliza mpaka wajukuu wachoke!"

Kisha anamgeukia mwandishi, anaweka sawa kola yake. "Wewe andika hivi: nilijua siku zote kwamba kimo. Ndio ufundi wenyewe wa besi laini."

"Ulijua?" mkewe anadakia. "Haya, mwambie pia, huyo aliyekuwa ananililia kitandani jana, 'mama watoto, mapafu yangu yamekufa, nipeleke hospitali,' alikuwa nani?"