Footing ya Adrienne

Adrienne alilelewa Bukavu, na kwa miaka mingi aliamini anajua Kiingereza kidogo. Hakukisoma darasani; maneno yake aliyaokota ndani ya Kifaransa. Huko Bredäng, nchini Uswidi, alikokuwa akihudumia wazee majumbani mwao, aliyatumia kila alipotaka kumfurahisha Nyambura, rafiki yake Mkenya aliyeimba naye kwaya.

Agosti moja daktari alimwambia afanye mazoezi. Akampigia Nyambura simu.

"Dada, Jumamosi twende footing msituni. Usisahau basket."

Kwao Nyambura, kwenda footing ni kwenda kwa miguu tu, na basket ni kikapu. Tena ulikuwa msimu wa blåbär, yale matunda madogo ya buluu ya msituni, kwa hiyo hakuona la kuuliza.

Jumamosi akafika na buti za mpira, kikapu mkononi. Adrienne alivaa raba mpya nyekundu. Walipoingia tu msituni, Adrienne akachomoka mbio.

"Mama Shalom! Nani anakukimbiza?"

Adrienne akarudi akihema. "Si tulisema footing? Na basket zako ziko wapi?"

Nyambura akainua kikapu. Adrienne akakitazama, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Basket ni hizi viatu!"

"Hizo ni raba, dada. Basket ndiyo hii."

Walicheka hadi wakakaa chini. Lakini Adrienne hakuweza kuliacha jambo lile.

"Na smoking?"

"Kuvuta sigara."

"Apana! Ni suti nyeusi ya sherehe. Bwana yangu alivaa smoking siku ya ndoa."

"Ungeniambia hivyo kanisani, ningemwombea aache."

Adrienne akampigia binti yake, Shalom, ili awaamue. Binti akajibu kwa Kiswidi, akishangaa swali lenyewe: smoking ni nguo, nani asiyejua?

"Hata Waswidi?" Nyambura akashika shavu.

Mbio ziliishia hapo. Walichuma matunda, huku Adrienne akitaja neno baada ya neno na kusikiliza kila jibu kama habari mpya.

Vuli ilipoanza, alijiandikisha darasa la Kiingereza la jioni. Mwalimu, Josefin, alianza na salamu. Adrienne akainua mkono kabla hazijakwisha: alitaka kujua kama Waingereza, wakisema parking, wanamaanisha uwanja wa magari au kule kuegesha kwenyewe.