Shati Iliyonyamazisha Baba

Kwetu Bihambwe, mbele ya vita, kukoroma haikuwa aibu. Watu walisema mwanaume mwenye kukoroma ameshiba maziwa, na baba yangu alikuwa na shingo nene, ngombe wa kutosha, na mukoromo wa kuamusha kilima muzima. Wamama waliokuja asubui kununua maziwa waliniuliza kama trekta yetu imeshazimika. Nilicheka nao. Mama hakucheka, maana yeye njo alikuwa analala kando yake. Yeye njo alijua kwamba katikati ya ule mukoromo pumzi inakatika, kifua kinahangaika bila hewa kuingia, kimya, mupaka yeye amupige kiwiko na baba ashituke kama muntu aliyetolewa mu maji. Muchana baba alikuwa anasinzia tu. Alisinzia kanisani, alisinzia akikamua, alisinzia na tonge la bugali mukononi, na sisi watoto tulimuita muvivu kichinichini.

Kisha vita ikatufikia. Watu wa bunduki walikuwa wanakuja giza ikiingia. Kwanza walichukua ngombe, na ngombe walipoisha wakaanza kuchukua wanaume wa kubeba mizigo yao mupaka Walikale, na wengi wao hawakurudi. Njo tukaanza kulala mu pori, jamaa zote za upande wetu, ndani ya bonde la matete chini ya shamba la baba mudogo. Baba mudogo na baba yangu walitoka tumbo moja. Yeye njo alituongoza kule bondeni: mutoto akilia apewe ziwa, muntu akikohoa aume kikwembe, ile nguo ya kujifunga. Lakini muntu anayekoroma, utamuambia aume nini?

Walianza kwa kumufinya. Halafu walimukataza kulala, na baba alijaribu, masikini, akasinzia amesimama. Mwishoni baba mudogo akaamua kwamba kaka yake atakuwa analala peke yake kwenye kilima cha ngambo, mu kibanda kilichoachwa na wachungaji. Baba hakubisha. Alikunja blanketi yake, akavuka kamuto, kale kajito ka bondeni, na hakuna hata mumoja aliyemusindikiza. Mama alitaka kumufuata, wakamuambia afikirie watoto. Mimi nilikuwa binti mukubwa tayari, mwenye kubeba bidon za maziwa mupaka Sake, na ile hasira ya siku ile ningali nayo.

Usiku mumoja wale watu wa bunduki walipita barabarani wakamusikia. Walipanda kilima moja kwa moja. Bahati ya baba, pumzi ilikuwa imekatika, akashituka, akasikia miguu, akaponyoka mu migomba. Walimutafuta, wakachoka, wakaenda zao. Bondeni hawakufika. Asubui watu walimushukuru Mungu kwa nyimbo, na nyuma ya nyimbo nikaona wanatazamana. Hakuna aliyelisema, lakini lilikuwa wazi kama jua: ni muzuri yule muzee akae kule kule akorome.

Kuanzia pale hawakumuita tena trekta. Walimuita Papa, kwa heshima. Walimuletea fromaji, jibini ya kununuliwa Sake, wakamuletea kasiksi kila magaribi, na akikunywa ile pombe ya ndizi, wee, alikoroma mupaka sisi tulisikia toka ngambo. Baba alifurahi. Alidhani majirani wamemuhurumia.

Wakati ule ule infirmier mugeni, muuguzi kijana, akafika ku hospitali yetu ndogo. Alitumwa na dokta mumoja wa mujini aliyekuwa anatafuta dawa ya watu wanaokatika pumzi usingizini. Alitueleza kwamba mu inchi za wengine kuna mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha, lakini mashine inataka kura, ule umeme, na kwetu kura iko wapi? Dokta alitaka kujaribu kitu cha bei ya chini. Ni shati yenye mufuko mugongoni, na ndani ya mufuko kipande cha muti cha mviringo, kigumu, kilichochongwa na fundi wa mbao wa Sake. Muntu akilala chali kinamuumiza, anageukia ubavu, na akilala ubavu ulimi hauangukii koo. Wagonjwa wengine walipewa shati, wengine mashauri tu: lala ubavu, acha pombe, maana pombe inalegeza koo. Kisha watalinganishwa, waone nani amepona.

Mama alimukokota baba mupaka kule. Walimufunga kadude ka kupima pumzi kidoleni, wakamulaza, wakaona wenyewe namna anavyokufa na kufufuka. Baba akaangukia kundi la shati.

Siku za kwanza aliitukana ile shati matusi yote anayoyajua. Halafu akanyamaza. Namaanisha usiku. Muchana njo alianza kusema! Macho yakafunguka, akasimulia ujana wake, akaniuliza kijana anayenisindikiza toka sokoni ni wa nani, akatengeneza ua lililoanguka tangu ngombe waibiwe. Kumbe nilikuwa na baba mucheshi, mwenye akili kali, na sikuwahi kukutana naye. Nilimupenda sana wakati ule. Ilikuwa muda mufupi tu.

Akaenda kwa mudogo wake na furaha kama mutoto, akamuambia sasa amepona, atarudi kulala bondeni na muke wake. Baba mudogo akamujibu asubiri kidogo, dawa ya wazungu haiaminiki haraka. Kesho yake akaja kwetu na wazee wawili na fromaji nzima, baba akiwa shambani. Walisalimia muda murefu. Baadaye baba mudogo akasema:

"Shemeji, utoe ile mbao. Siku za hatari tu, halafu utarudisha."

"Bwana yangu haiko imbwa ya kulinda kijiji," mama akajibu, na akatupa fromaji kwenye matope.

Waliiokota, wakaipanguza, wakarudi nayo.

Mama akaapa kwamba juma ile ile baba atalala bondeni, wapende wasipende. Lakini siku ya Mungu, Jumapili, baba mudogo akamuita kaka yake kwa kasiksi ya kupatana. Baba aliitika, maana damu ni damu. Mvua ilimunyeshea njiani, na baba mudogo mwenyewe akamuvua ile shati ya dawa aikaushe jikoni. Baba aliporudishiwa shati yake alikuwa amelewa, hakusikia kitu mugongoni, akavuka kamuto akaenda kulala kwenye kibanda chake, kwa mara ya mwisho kama walivyosikilizana na mama.

Tulimusikia toka bondeni. Mama akasimama. Baba mudogo akamushika mikono, wamama wawili wakamukalia, mumoja akamuziba kinywa na kikwembe, na mimi wakanibana kichwa kwenye matete. Wale wamama wote walikuwa wamekunywa maziwa yetu. Mukoromo ulikatika, ukarudi, ukakatika. Kisha tukasikia wanaume wanapiga kelele kule juu.

Waliondoka naye. Asubui tukapanda kwenye kibanda: koti yake walichukua, shati waliiacha sakafuni. Mama aliigeuza tukaona mufuko umechanwa kwa wembe, sawasawa, na ndani mutupu. Wakubwa wanasema kikulacho kiko nguoni mwako. Mama alikunja ile shati.

Habari nilipewa Sake na mufanyabiashara mumoja wa Butembo, mwenye duka kule Mpofi. Aliona musururu wa wabeba mizigo unapita mbele ya duka lake. Mumoja, muzee mwenye shingo nene, alisinzia amesimama, na muzigo kichwani. Walimuamusha kwa kitako cha bunduki. "Mara ya pili, dada," akaniambia, "hawakumuamusha."

Tulikaa kilio bila maiti. Watu wote walikuja, na hakuna aliyelia kwa sauti kumupita baba mudogo. Siku ile wanakula, infirmier akatokea, hana habari, amekuja kuchukua shati kwa sababu majaribio yamefika mwisho. Walimuambia. Aliketi, akatupa pole, akaipokea shati, akaigeuza, akatia vidole mu mufuko uliopasuka. Baba mudogo akamuambia uzi ulioza. Yule kijana akahuzunika, akasema basi itabidi Papa ahesabiwe na wale ambao dawa haikuwasaidia.

Mama akashika ile shati.

"Hapana, munganga," akasema. "Umuambie dokta wako kwamba dawa ilimuponyesha. Njo maana waliitoa ile mbao."

Baba mudogo alikuwa na tonge mukononi. Alilichovya kwenye mboga ya sombe, akala.